Kole (gundi) ya kupuliza kwa dari ya gari

Kitambaa cha dari ya Corolla yangu kilikuwa kinanigusa kichwa. Jua la Oktoba hapa Lubumbashi halihurumii kole yoyote, kwa hiyo pale soko la Kenya, komini ya hapa mjini, nilichagua kopo lililoandikwa linavumilia joto kali. Lile la kubandika karatasi, achana nalo.

Kazi yenyewe ni kukwangua: ile sponji ya zamani iliyogeuka unga isipotoka yote, unabandika vumbi. Puliza pande zote mbili, kitambaa na dari, milango wazi, moto mbali. Ngoja mpaka ukigusa inanata bila kufuata kidole. Anzia katikati, sukuma kwa kiganja kwenda pembeni taratibu, ikishika, imeshika.

Bei inauma, na kopo moja halikutosha. Lakini zulia la buti nalo limetulia. Nitanunua tena.