Tembe la Kwihara au Ujiji?

Mwenye siku moja tu ya kufuata nyayo za mmisionari Livingstone na mwandishi wa habari Stanley, namshauri Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Pale unaingia nyumba yenyewe: tembe la udongo, kuta nene, paa bapa, mlango mzito wa nakshi. Ukipita kizingiti, joto la nje linabaki nyuma yako. Livingstone na Stanley walifika hapo Februari 1872, na Livingstone akakaa hadi Agosti akisubiri wapagazi.

Ujiji, kule Kigoma, kuna makumbusho, mnara na miembe iliyotokana na mwembe ambao wawili hao walikutana chini yake mwaka 1871. Kivuli chake kitamu, nakubali, na Ziwa Tanganyika liko karibu. Ila nyumba hutaikuta.

Kwenda Kwihara, patana na bodaboda akusubiri.