LinkedIn kwa msanidi programu anayesaka kazi: pa kubonyeza na pa kukwepa

Kinachoiharibu LinkedIn, mtandao wa kijamii wa kazi na ajira, ni kitufe cha Easy Apply, cha kuomba kazi humo humo. Ukikibonyeza, LinkedIn inachukua jina, simu na CV uliyokwisha kuipakia, inakuuliza maswali mawili matatu, kwa mfano una miaka mingapi ya kufanya kazi na React (zana ya kutengenezea kurasa za wavuti), na ombi limeshaondoka. Dakika moja tu. Lakini wepesi huo kapewa kila mtu, kwa hiyo mwajiri anapokea rundo asiloweza kulisoma, na anaanza kuchuja kwa yale maswali. Akipanga miaka 3 iwe sharti nawe ukaandika 2, mfumo unaweza kukuengua kabla CV haijafunguliwa. Ukimya unaowaumiza watu wengi huanzia hapo. Yajibu maswali hayo kwa makini, na kampuni ikiwa na ukurasa wake wa ajira, pitia huko.

Kwenye kutafuta, LinkedIn iko vizuri kweli. Chagua kazi za saa 24 zilizopita, kisha tazama anwani ya ukurasa: utaona f_TPR=r86400. Hizo ni sekunde. Futa 86400, weka 3600, na zitabaki kazi zilizotangazwa ndani ya saa moja. Tangazo lenye neno Reposted lilishatoka na kurudishwa, kwa hiyo lisikumalizie jioni. Na neno Remote, yaani kazi ya kufanyia mbali na ofisi, lisikudanganye ukiwa Nairobi au Dar: angalia nchi iliyoandikwa kando yake, kwani mara nyingi anatakiwa mtu mwenye kibali cha kufanya kazi nchi hiyo, ila akiwa nyumbani kwake.

Mawakala wa ajira ndio wanaochosha zaidi. Ujumbe unakuja na sifa tele, jina la kampuni halimo, mshahara haumo. Sababu ni malipo yao: wengi hulipwa asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu waliyemleta, na wanahofu ukijua kampuni utaenda mwenyewe. Jibu la kwanza liwe fupi: kampuni gani, mshahara kuanzia ngapi hadi ngapi, usaili una hatua ngapi. Asiyejibu hata moja, mwache. Na andika mahali nani kapeleka CV yako wapi. Mawakala wawili wakikupeleka kampuni moja, kampuni inaweza kukuacha kabisa ili isigombanie malipo.

Alama ya Open to Work, inayoonyesha kwamba unatafuta kazi, iweke ionekane kwa mawakala peke yao, ingawa LinkedIn yenyewe haitoi hakikisho kwamba mwajiri wako wa sasa hataiona.

Hatari kubwa ni wakala bandia. Tangu 2023 watafiti wa usalama wameeleza mbinu hii: unapewa "jaribio" la mradi ulioko GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu), unaambiwa uuendeshe kwenye kompyuta yako, na ndani mna programu ya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Kabla ya npm install, amri ya kusakinisha vifurushi vya mradi, fungua faili la package.json utazame preinstall na postinstall, yaani amri zinazojiendesha zenyewe wakati wa kusakinisha. Kisha tumia npm install --ignore-scripts, inayozizuia amri hizo, lakini usitulie hapo, maana msimbo mbaya huweza kufichwa kwenye faili la kawaida, imesukumwa kulia kwa nafasi tupu nyingi hadi haionekani kwenye skrini. Washa kukunja mistari mirefu (word wrap) kwenye kihariri chako, na mradi wenyewe uendeshe ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako) isiyo na nywila zako. Anayekuharakisha umalize jaribio wakati bado mnazungumza kwenye video, kata simu.