Kuponi ipi ukate, ipi uiache kwenye gazeti

Kwenye droo ya jikoni nina bahasha iliyofura kuponi, na nikisema ukweli nusu yake hunitoa pesa badala ya kuniokolea. Shida ni kwamba kwa kuziangalia zote ni ndugu: kikaratasi, mistari ya kukatia, namba kubwa katikati na masharti chini kwa maandishi ya sisimizi. Thamani yake ndiyo inayopishana. Hapa nimezipanga kwa ajili ya mtu anayenunua vitu vya kila mwezi vya nyumbani: sabuni, dawa ya meno, karatasi za chooni, nepi.

Nafasi ya kwanza naipa kuponi ya kiwanda inayokata kiasi maalumu kwenye bidhaa ambayo ungeinunua hata isingekuwepo. Punguzo hilo hulipwa na kiwanda, duka hurudishiwa fedha yake, ndiyo maana maduka mengi huipokea hata bidhaa ikiwa tayari kwenye ofa ya duka lenyewe. Kwa hiyo usikimbie nayo siku ulipoipata. Iweke, subiri bidhaa ishuke bei, ndipo uitoe, ilimradi tarehe haijapita.

Utamu wake mwingine uko kwenye ukubwa wa pakiti. Tuseme sabuni ya unga ya gramu 200 inauzwa 50, na ya kilo moja 200, kwa fedha yoyote unayotumia. Bila kuponi, pakiti ndogo ni 25 kwa kila gramu 100, kubwa ni 20, na kubwa ndiyo nafuu kama tulivyozoea. Sasa toa kuponi ya 20. Ndogo inabaki 30, yaani 15 kwa gramu 100. Kubwa inabaki 180, yaani 18. Mambo yamegeuka! Ukiwa na kuponi mbili na kila pakiti inapokea moja, beba ndogo mbili, kubwa iache kwenye rafu. Hesabu hii wenye viwanda wanaijua vizuri, na ndiyo sababu kuponi nyingi hutaja ukubwa wa pakiti inayokubalika.

Mimi sharti hilo lilinifunza kwa aibu. Kuponi yangu ilisema gramu 500, nikachukua pakiti ya kujazia ya gramu 450, rangi ileile, jina lilelile. Keshia akapitisha, mashine ikalia. Akapitisha tena, ikalia tena. Nyuma yangu foleni imefika kwenye rafu za biskuti na mtoto wa mtu ameanza kulia. Nikalipa bei kamili ili tu nipite. Siku hizi kabla ya kutoka nyumbani nasoma ukubwa, tarehe ya mwisho, na idadi anayoruhusiwa mteja mmoja.

Ya pili ni kuponi ya asilimia kwenye kikapu kizima, isiyo na kiwango cha chini cha manunuzi. Hii haikuchagulii bidhaa, na inalipa zaidi siku ya manunuzi makubwa. Ila ukipewa mbili, usizijumlishe kichwani. Asilimia 20 ikifuatiwa na asilimia 10 ni punguzo la 28, si 30, kwa kuwa ile ya pili inakatwa kwenye bei iliyokwisha kupungua.

Ya tatu, kadi ya pointi. Haina makuu. Ukipata pointi moja kwa kila 100 unayotumia, na pointi hiyo ina thamani ya 1, umepunguziwa asilimia moja, basi. Kuwa nayo, lakini usipite duka lenye bei nzuri ukafuata asilimia moja upande wa pili wa mji. Jua pia kwamba duka linaweka kumbukumbu ya kila unachonunua. Wapo wasiojali, mimi huwa najali kidogo.

Ya nne inapendwa kuliko inavyostahili: punguzo la 50 ukinunua vitu vya 500. Kikapu chako kina vya 420. Unaongeza vya 80 ili ufike, unalipa 450. Umetoa 30 zaidi ya ulizokusudia. Kama ulichoongeza ni sabuni utakayohitaji wiki mbili zijazo, umeipata ya 80 kwa 30 na hongera. Kama ni mshumaa wa manukato uliokuwa karibu na kaunta, wamekupata. Ukinunua mtandaoni, mtego huu huvaa nguo ya usafirishaji wa bure.

Nunua mbili upate ya tatu bure naiweka ya tano, ingawa ni punguzo la theluthi nzima, asilimia 33 na ushee. Hiyo ni kwa sharti kwamba zote tatu zitatumika kabla hazijaharibika, na kwamba bei ya kila moja haikupandishwa wiki iliyotangulia. Ile ya "cha pili kwa nusu bei" inasikika kama asilimia 50, kumbe ni 25.

Ya sita ni ya kurudishiwa pesa baadaye: unalipa yote leo, unatuma risiti, unasubiri. Wanaoitoa wanajua wengi wetu tutapoteza risiti. Ichukue ikiwa utaituma jioni ileile, mfuko ukiwa bado mezani.

Mwisho kabisa ni kuponi ya bidhaa mpya usiyowahi kuitumia. Hii ndiyo kazi ambayo kuponi ilizaliwa nayo. Mwaka 1887 huko Marekani Coca-Cola walianza kugawa tiketi za kunywa glasi moja bure, na lengo lilikuwa urudi kesho ukiwa na pesa yako. Kuponi ya kukata theluthi ya bei ya kitu ambacho hukukihitaji bado inakuchomoa theluthi mbili. Mimi huziacha palepale gazetini. Ila kama ni ya bure kabisa, kama glasi ile, kunywa.