Canyon Inflite: kwa matope ya Ubelgiji hii ndo yenyewe

Jamani mi baiskeli za saiklokrosi (mbio za matope, mchanga na ngazi, pengine unashuka unaibeba begani) nimeshamiliki kadhaa tangu nianze kukimbiza huku Ubelgiji, kuna ya aluminiamu yenye breki za kubana rimu, tope likijaa zile breki ni kama hazipo, ikaja ya chuma, laini sana hiyo lakini ibebe begani upande nayo kilima kwa miguu ndo utaelewa uzito ni nini.

Sasa hii Inflite ya kaboni, baiskeli ya kampuni ya Canyon, kilichoniuzia ni fremu. Bomba la juu limekaa karibu mlalo halafu linapinda pale kwenye siti, picha zake zinawachukiza wengi, ila ule mpindo unaacha nafasi kubwa ya kupitisha mkono na bega, kwenye ngazi na mchanga kama wa Koksijde, ile njia ya mashindano huku Ubelgiji, unainyanyua fasta unakimbia. Mathieu van der Poel, yule Mholanzi, ameshinda ubingwa wa dunia wa saiklokrosi juu ya Inflite, siyo mapambo hii.

Breki ni za diski za mafuta, vidole viwili tu vinatosha hata kwenye mvua. Mbele sproketi moja, cheni haidondoki ovyo. Tairi zina upana wa milimita 33, ndo mwisho UCI, shirikisho la baiskeli duniani, inaporuhusu mashindanoni, na mi naziendesha bila tyubu, upepo mdogo kabisa.

Ila kama unataka ya safari ndefu na mizigo chukua graveli bana, ile baiskeli ya barabara za changarawe, hii imetengenezwa kwa ile saa moja ya kufa na kupona.