Multimita ya DT-830 kwa gari linalolia "tek" lakini haliwaki

Multimita ndogo ya DT-830, kifaa cha kupimia umeme chenye swichi kubwa ya kuzungusha katikati na waya mbili, mwekundu na mweusi, hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, na hutengenezwa na viwanda vingi kwa majina mbalimbali. Mimi huitumia hasa kutafuta kwa nini gari linalia "tek" ufunguo unapozungushwa huku injini ikibaki kimya. Kwa kazi hiyo ninaipendekeza kwa kila mwenye gari, mradi ajue mahali inapoishia.

Mlio huo umewagharimu watu fedha nyingi bila sababu. Mwenye gari huambiwa anunue betri, tatizo lisipoisha huambiwa anunue stata (mota inayoizungusha injini ili iwake), kumbe kilichohitajika ni kusafisha kichwa cha betri na kukaza nati. Mlio hutoka kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata, na ukiusikia ujue kwamba amri ya ufunguo imefika. Ukisikia tek-tek-tek mfululizo na taa za dashibodi zikafifia, mara nyingi betri imeishiwa nguvu au vichwa vyake havishiki vizuri: solenoidi inavuta, stata inadai umeme mwingi, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, kisha yote yanaanza upya. Ukisikia tek moja nzito, shuku waya mnene wa betri, ethi (waya unaounganisha upande hasi wa betri na chuma cha gari na injini) au stata yenyewe. Sikio halifiki mbali zaidi ya hapo. Kinachofuata kinataka vipimo.

Swichi ya DT-830 ikiwekwa kwenye 20 upande wa volti za DC (umeme wa aina ya betri), kioo huonyesha hadi sehemu ya mia ya volti, jambo linalotosha kabisa kwa kazi hii. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi, ikiwa nusu husoma karibu 12.2, na ikifika 12.0 inahitaji kuchajiwa. Wengi huishia hapo, na kipimo hicho peke yake hudanganya, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia kisha ikaanguka mara tu stata inapodai umeme. Ndiyo maana ni lazima kupima huku mwenzako akizungusha ufunguo, gari likiwa kwenye P au gia huru na breki ya mkono imevutwa. Katika hali ya hewa ya joto kama yetu, betri nzima haipaswi kushuka chini ya 9.6 wakati huo.

Thamani kubwa zaidi ya mita hii, kwa maoni yangu, ni kutafuta umeme unaopotea njiani. Jirani yangu ana Toyota IST iliyokuwa ikitoa tek moja tu, na tayari alikuwa ameshauriwa kubadilisha stata. Betri ilisoma 12.5, na ufunguo ulipozungushwa ilishuka kidogo mno, ishara kwamba stata haikuwa ikipata umeme wa kutosha. Tuligusisha ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, kwenye madini ya risasi ya nguzo yenyewe wala si kwenye kibano cha waya, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha ufunguo ukazungushwa tena. Mita ilisoma zaidi ya volti 3, mahali ambapo hazitakiwi kuzidi 0.3 hivi. Waya wa ethi ulikuwa umelegea pale unapofungwa, na chini ya boliti kulikuwa na kutu ya kahawia. Tulifungua kibano cha hasi, tukasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukakaza, na injini ikawaka kwa mguso wa kwanza wa ufunguo.

Kama upande wa ethi uko sawa na volti zinafika kwenye boliti nene ya stata, lakini bado ni tek tu, hapo kweli ifunguliwe stata. Hata hivyo si lazima kununua nyingine: katika stata nyingi za Denso zilizomo kwenye magari ya Toyota, kinacholika ni vipande vya shaba ndani ya solenoidi, au kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota), na fundi umeme wa magari anaweza kuvibadilisha.

Udhaifu wake haupaswi kufichwa. Kioo hubadilisha namba mara mbili au tatu tu kwa sekunde, hivyo mlio wa haraka huzifanya zirukeruke. Mwombe anayeshika ufunguo aushikilie sekunde tatu hivi. Ncha zake ni nyepesi na hazina vibano, kwa hiyo peke yako utapata tabu. Betri yake ya volti 9 ikichoka, mita huanza kusoma juu kuliko ukweli, na betri mbovu ya gari ikaonekana nzima. Jambo la hatari zaidi ni tundu la 10A, ambalo kwa kawaida halina fyuzi: stata ya gari dogo huvuta ampea mia na zaidi, kwa hiyo usithubutu kupima umeme wa stata kwa tundu hilo, na hakikisha waya mwekundu uko kwenye tundu la volti kabla ya kugusa betri.

Dukani, omba mita iwekwe betri mpya ya volti 9 na ijaribiwe mbele yako, kisha nunua na jozi ya vibano vyenye meno. Anayetengeneza magari kila siku atafute mita ya kubana waya inayosoma DC ya mamia ya ampea. Kwa mwenye gari moja nyumbani, DT-830 inatosha.