Kabla ya Kununua Mtini Adimu, Uliza Kuhusu Nyigu

Kwa miaka mitatu mfululizo mtini wangu uliozaa matunda ya ukubwa wa gololi uliyaangusha yote yakiwa mabichi. Nilibadilisha udongo, nikapunguza maji, nikayaongeza tena, nikahamisha chungu kutoka kivulini hadi juani, na bado kila msimu tini zilinyauka na kudondoka kabla hazijalainika. Aliyeniuzia mche huo alikuwa amenieleza kwa kirefu rangi ya ganda, ladha ya asali na asili ya aina yenyewe, lakini hakunitajia jambo moja nililohitaji kulijua: ulikuwa wa kundi la Smyrna.

Mitini ya kundi hilo isipochavushwa huangusha matunda. Chavua huletwa na nyigu mdogo sana, Blastophaga psenes, anayezaliwa ndani ya matunda ya mtini dume na kupenya katika tini nyingine kupitia tundu lililo kwenye kitako chake. Pasipo nyigu huyo na mtini dume, mbolea haisaidii kitu. Wakulima wa California waliingiza miche ya Smyrna katika miaka ya 1880, wakaambulia patupu hadi nyigu huyo alipoimarika huko mwaka 1899. Kwa hiyo maelezo ya utamu na rangi nawaachia wanaoandika matangazo. Hapa napanga aina kwa kuuliza kama mti utaivisha matunda bila nyigu.

Ya kwanza kwangu ni Violette de Bordeaux, na nasema waziwazi kwamba naipendelea. Ni ya kundi la mitini ya kawaida, ambayo huivisha matunda bila kuchavushwa. Umbo lake ni dogo, hustahimili maisha ya chungu, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwanza kwenye matawi ya mwaka uliopita, kisha kwenye matawi mapya. Huuzwa pia kwa jina la Negronne, hivyo asije mtu akakuuzia mti huo mmoja mara mbili.

Ya pili ni Black Madeira. Nayo haihitaji nyigu, na nyama yake nyekundu iliyokolea ndiyo inayowafanya watu waisake. Kasoro yake ni kwamba huchelewa kuiva, na vipandikizi vyake mara nyingi huja na virusi vya batobato ya mtini, ambavyo hudumaza mti na havina dawa. Omba picha ya majani ya mti mama kabla ya kulipa. Panachée, yenye ganda la mistari ya kijani na njano, ni ya tatu: hujitosheleza, ila hutaka msimu mrefu wa joto.

Desert King naiweka ya nne kwa sababu ni ya kundi la San Pedro, ambalo huwachanganya wengi. Matunda yake ya mwanzo huiva bila nyigu, lakini ya pili huanguka asipokuwepo. Kwa kuwa hayo ya mwanzo hutokea kwenye matawi ya mwaka uliopita, ukipogoa matawi yote umekata mavuno yako yote. Calimyrna, ambayo ni mtini wa Smyrna halisi, usiinunue kabisa kama nyigu hayupo unapoishi.

Kwa mwenye fedha kidogo, Brown Turkey na Celeste hujitosheleza na hupatikana kwa urahisi. Miche iliyooteshwa kwa mbegu iepuke, kwa kuwa takriban nusu yake huwa mitini dume.

Bei ndizo zinazoniudhi zaidi. Kipandikizi chenye unene wa penseli huota mizizi katika majuma machache kikiwekwa penye joto na unyevu, na mti mama mmoja hutoa vingi kila unapopogolewa. Hata hivyo kipande hicho huuzwa kwa bei ya juu kwa sababu tu ya jina. Wapo wanaookota mtini usiojulikana, wakaubatiza jina jipya na kuutangaza kuwa adimu, bila hata kungoja kuona kama utaivisha tunda. Nilipomwandikia aliyeniuzia wa kwangu, alijibu kwamba sikuwa nimemuuliza kuhusu kundi lake. Mnunuzi mgeni hawezi kuuliza jambo asilojua kuwa lipo, na anayeuza analijua tangu siku ya kwanza. Tangu hapo silipi chochote mpaka niandikiwe kundi la mti kando ya jina lake, pamoja na picha ya tunda lililoiva likiwa bado tawini kwenye mti wa muuzaji mwenyewe.