Barakoa ya mpira ya filta mbili: nimepiga nayo kazi kwenye karasha, nawapa mrejesho

Wakuu habari za saa hizi. Kuna watu waliniuliza ile barakoa ya mpira yenye filta mbili za pinki pembeni kama ina maana yoyote au ni mbwembwe tu, sasa nimeitumia vya kutosha hapa karashani Geita, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nawapa mrejesho bila kuficha.

Bei imechangamka, hilo nalisema mapema. Nilinunua Mwanza, na kwa hela ile ungebeba maboksi kadhaa ya zile za bluu za hospitali na chenji ya soda ikabaki. Ila zile za bluu kwa kazi yetu ni kujidanganya, pembeni ziko wazi, ukivua jioni unakuta vumbi jeupe limeingia mpaka ndani ya pua. Na hilo unaloliona wala sio baya zaidi, baya ni lile laini la silika kutoka kwenye jiwe jeupe, dogo kiasi kwamba macho hayalipati, linashuka mpaka mwisho wa mapafu na likishafika huko halina safari ya kurudi.

Kilichonifanya nitoe hela ni kaka mmoja tuliyekuwa naye hapa kazini. Alianza na kikohozi, akapimwa akakutwa na TB, dozi ya miezi sita akaimaliza freshi kabisa. Baadae kikohozi kikarudi, anakonda, usiku anatoka jasho, siku nyingine anakohoa makohozi yana damu. Akaambiwa TB imerudi, akaanzishiwa dozi nyingine wakati kipimo cha makohozi kinasoma hamna kitu! Mpaka alipofika kwa daktari wa kifua ndo CT skani ikaonyesha, juu kwenye pafu kuna tundu, na ndani ya tundu kuna donge la fangasi.

Mimi nilikuwa najua fangasi ni wa miguuni na wa kichwani basi. Kumbe kuna huyu anaitwa aspajilasi, mbegu zake ziko kwenye hewa kila mahali, kwenye majani yanayooza, kwenye mahindi yaliyovunda, na sisi wote tunazivuta kila siku. Pafu zima linazisafisha bila hata wewe kujua. Shida ni sisi wa vumbi, silika inaua zile chembe za ulinzi kwenye mapafu, inaacha makovu, afu inamfungulia TB mlango, TB nayo inachimba matundu, na fangasi akikuta tundu ni kama kapewa chumba bila kodi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na vumbi, kovu la TB na fangasi kwenye kifua kimoja, na dalili zinafanana, ndo maana watu wanazungushwa na dozi za TB. Kumjua fangasi lazima wapige picha na wapime damu kuangalia kingamwili zake, na dawa yake, itrakonazoli, inaenda miezi sita au zaidi. Halafu usije ukajichanganyia mwenyewe, ile rifampisini ya TB inaishusha nguvu itrakonazoli, daktari ndo anajua apange vipi. Makovu ya vumbi yenyewe hayana dawa, na yanaweza kuendelea hata ukishaacha mgodi.

Haya, turudi kwenye barakoa. Uzuri wake inashika uso. Ukiivaa unaziba filta kwa viganja unavuta pumzi, mpira ukinywea ukabana uso hapo iko sawa, ukisikia upepo unaingia pembeni ya pua kaza mikanda. Wenye ndevu poleni, mpira haukai juu ya ndevu, nyoeni au msipoteze hela. Filta zimeandikwa P100, maana yake zinazuia asilimia 99.97 ya chembe, na kweli nikitema mate baada ya kazi siku hizi hayana rangi ya saruji.

Kwa hiyo kwa mapafu ipo vizuri, kero sasa. Jua la saa saba humo ndani ni jasho mtindo mmoja, kidevu kinawasha. Kuongea hausikiki, na karasha lenyewe lina kelele, mnabaki kuonyeshana vidole. Na muuzaji alitaka kunipa vikopo vyeusi vya kemikali akisema ndo bora zaidi kwa vile ni vizito, vile ni vya moshi wa rangi, kama havina filta ya chembe juu yake vumbi linapita. Na hizi za pinki nazo hazizuii moshi wa zebaki, mtu asije akachoma dhahabu kavaa hii akajiona yuko salama.

Matunzo: mpira unaosha kwa maji na sabuni, unakausha vizuri kabla ya kuufungia, ukiuacha mbichi kwenye mfuko unaota ukungu na ndo unauvaa mdomoni kesho yake. Filta haioshwi na haipulizwi na kompresa, kuna jamaa hapa alipuliza zake akazitoboa na bado anazivaa. Ukiona kuvuta pumzi kumekuwa kazi, badilisha.

Na mkiweza mwagieni mawe maji kabla ya kusaga, vumbi linapungua sana na barakoa inapumua. Bosi wetu analalamika maji ni gharama, sawa, ila pipa moja na mpira wa bustani sio mtaji wa kumfilisi mtu.

Mimi naipa nne kwa tano, moja nimeikata kwa joto na bei ya filta. Kuna anayejua duka Katoro au Geita mjini wanakouza filta orijino za pinki? Zangu zinakaribia kuisha na Mwanza nauli tu inauma.